Doa Chini ya Kisigino

Aikaeli aliliona akisugua miguu kwa jiwe nyuma ya nyumba yake, Machame, akijiandaa kwa ibada ya Jumapili. Doa jeusi, chini ya kisigino cha kushoto. Alidhani ni utomvu wa migomba. Alisugua mpaka ngozi ikauma, halikutoka.

Redioni alikuwa amemsikia daktari akisema kwamba kwa sisi watu weusi saratani ya ngozi hupenda kujificha unyayoni na chini ya kucha. Usingizi ukamwisha. Alijaribu kujitazama kwa kioo, lakini mgongo ulikataa kupinda. Mumewe alishafariki, watoto wako mbali. Aliyebaki karibu ni wifi yake Eliona, na tangu msiba walikuwa hawaelewani kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo.

Asubuhi moja alikatiza migombani, akapiga hodi.

"Wifi, naomba uniangalizie mguu."

Eliona alimtazama usoni kwanza, kama mtu anayengoja ugomvi. Kisha akavuta kigoda, akaupakata ule mguu na kuugeuzia kwenye mwanga. Akalipitishia kidole lile doa.

"Sema basi!"

"Huku limepauka, huku jeusi tii. Pembeni limechongoka-chongoka. Lina muda gani?"

"Nani hujitazama unyayo, wifi?"

"Vaa viatu. Tunashuka Moshi."

"Na ng'ombe?"

"Watakula tukirudi."

Hospitalini daktari kijana alimwamkia shikamoo, akamkagua nyayo, viganja, kucha zote, hata mgongo. Akakata kipande cha ngozi kwa ajili ya kipimo.

"Ni saratani?" Aikaeli aliuliza.

"Tusubiri majibu, mama."

Kusubiri kulimkondesha. Simu ikilia, alimsukumia Eliona apokee. Siku moja alimwonyesha mahali anapotaka azikwe.

"Hapo nitapanda magimbi," Eliona alimjibu kwa ukali, halafu akageuka kufuta macho.

Majibu yalisema ni saratani, ila bado changa, haijazama sana. Wakaliondoa doa pamoja na nyama iliyolizunguka, wakaziba kwa ngozi ya paja. Eliona akawa anakamua ng'ombe wa nyumba zote mbili mpaka kidonda kilipofunga.

Sasa Aikaeli anatembea akichechemea kidogo. Siku za kliniki huondoka bila kunywa chai. Daktari humbonyeza kinenani akitafuta uvimbe, maana saratani ya mguu ikisambaa hupitia hapo, naye hufumba macho na kuacha kupumua. Hadi leo daktari hajaukuta.