Fomu ya Makuzi ya Mwanafunzi Mwenye Ndevu

Miaka michache baada ya vita kwisha, shule yetu ya Mpumudde ilinituma Mbale kwenye semina ya siku tatu. Tulikaa katika ghala tupu eneo la viwanda, tukafundishwa kwamba wanafunzi hawafanani na kwamba mwalimu naye ni mwanafunzi. Nilirudi na kalamu mpya, neno "utofauti", na bunda la Fomu za Makuzi ya Mwanafunzi. Kikao cha walimu kisipoijaza fomu hiyo, mtoto haandikishwi kwa mtihani wa darasa la saba.

Siku ya mwisho ya kuandikisha tulizipanga mezani. Ya juu kabisa ilikuwa ya mwanafunzi mwenye ndevu.

Alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Watoto wake wawili walisoma darasa la pili hapohapo, na yeye alikaa dawati la nyuma la darasa la saba, magoti yakikaribia kidevu. Magereza walikuwa wamemwahidi kazi akipata cheti. Mwakani, walimwambia, umri utakuwa umempita.

Mimi nilikuwa katibu, kwa hiyo nilisoma maswali.

"Meno ya utoto yamekwisha kung'oka?"

"Na mawili ya ukubwa," alisema mwalimu wa darasa lake, mama wa Kiislamu aliyekuwa pia na kibanda cha vitambaa sokoni. "Andika ndiyo."

"Hucheza na wenzake?"

"Huwachezesha gwaride."

Mwalimu mkuu alitukumbusha kwamba hili ni jambo la kitaalamu. Hapo naibu wake akakohoa. Alisema, kwa mujibu wa semina, makuzi ya kihisia ya mwanafunzi huyu yana mashaka, na kwamba anahitaji mwaka mmoja zaidi wa uangalizi. Naibu hakuwa amehudhuria semina.

"Mwalimu, sema tu Busiu," alisema yule mama.

Sote tuliijua habari ya Busiu. Wakati wa vita, kwenye kizuizi cha barabarani, askari huyu alikishika kitambulisho cha naibu kichwa chini, akakichunguza kwa makini. Mtu mwingine yeyote angenyamaza. Naibu, kwa mazoea ya miaka mingi ya kusahihisha, alikigeuza kikae sawa. Kwa kosa hilo askari alimchuchumaza kando ya shamba la mahindi tangu asubuhi hadi alasiri.

"Busiu haimo kwenye fomu," alisema naibu.

"Ndiyo maana nimeitaja mimi."

Mwalimu mkuu akaamua mwanafunzi aitwe. Alipoingia alisema, "Habari, walimu," kwa Kiswahili cha kambini, na sote tukasimama. Hakuna aliyekuwa amepanga. Naye akakaza mgongo kwa kuwa sisi tumesimama, tukabaki hivyo hadi yule mama aliposema, "Keti, afande. Yaani, mtoto."

Tuliketi, isipokuwa naibu.

"Unanikumbuka?"

"Ndiyo. Wewe mwalimu wa hesabu."

"Kabla ya hapa. Busiu, barabarani."

Alimtazama kwa muda mrefu. Niliona kwamba anajaribu kweli kukumbuka. Nilitamani adanganye, "ndiyo" moja na "samahani" moja zingemtosha naibu.

"Nakumbuka hapana, bwana mwalimu. Pale nilikuwa. Lakini watu ilikuwa mingi."

Nadhani naibu alikuwa tayari kwa jibu lolote isipokuwa hilo. Miaka yote hiyo alimchukia askari huyu akidhani naye anamkumbuka kwa sura, kumbe yeye alikuwa mmoja tu katika foleni.

"Nilichuchumaa mchana kutwa," alisema, taratibu.

"Basi ni mimi nilifanya. Kama unasema nilifanya, siwezi sema hapana."

Naibu akaniomba kalamu yangu mpya na kuvuta fomu upande wake. Swali la mwisho liliuliza kama mtoto hukubali makosa yake. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: "Hukubali hata asilolikumbuka." Akatia sahihi, na mwalimu mkuu akapiga muhuri bila neno la kitaalamu.

Fomu za watoto waliobaki, darasa zima, tulizijaza kabla chai haijapoa. Wote walikuwa na makuzi mazuri. Ofisi ya elimu ilikuwa karibu kufungwa, na pale shuleni mwenye baiskeli alikuwa mmoja tu, mwanafunzi mwenye ndevu. Tukamfungia bunda lote kwenye keria, fomu yake ikiwa juu, akaondoka kwa kasi.