Mmarekani Aliyekula Kahawa ya Udugu

Ma Felicitas hakumwamini Mmarekani yule tangu aliposhuka kwenye basi hapa Kashozi, nywele mabegani, miguu mitupu. Mwaka 1969 wageni wengi walikuja kutazama ujamaa, lakini huyu hakuuliza habari za shamba la kijiji hata mara moja.

Aliitwa Loweli, mwandishi wa riwaya. Kitabu chake cha kwanza kilimjengea nyumba kwao. Kisha akaanza kunywa dawa zinazomfanya mtu aone ukuta unapumua, akapaka basi rangi za kila namna, akazurura na marafiki mpaka polisi wakamkamata. Alipopewa dhamana, akatoroka. Hayo aliyasimulia mwenyewe, akicheka.

"Anayecheka aibu yake ataitunza ya kwetu?" Felicitas alimuuliza Privatus, shemeji yake, aliyempa mgeni chumba.

"Shemeji, wewe hata padri akikohoa unamshuku."

Felicitas alikuwa mwalimu na mjane, na mwanawe Ildefons alibakiza mwaka mmoja apewe upadri. Ukoo ulikuwa na doa moja tu: marehemu baba mkwe, baba yake Privatus, katekista mzima, alikuwa akipandisha mizimu kwa siri katikati ya migomba. Nje ya nyumba hakuna aliyejua.

Alasiri moja Loweli akamwambia, "Mama, yule mzee wa mizimu nitamweka kwenye riwaya. Kwa jina lake halisi, ni zuri mno."

Felicitas akamgeukia Privatus. "Umemwambia?"

"Ningemfichaje? Tumekula kahawa."

Maana yake walikuwa wamechanjana karibu na kitovu, wakapaka damu punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake, kama Wahaya wa zamani walivyounga udugu. Loweli alidhani ni dawa nyingine ya kuona maono.

Felicitas akavuta kiti karibu na Loweli. "Masharti alikueleza?"

"Yapi?"

"Ukianika siri ya nyumba ya ndugu yako, tumbo linavimba mpaka linapasuka."

Privatus akainamisha kichwa. Yeye aliyaamini hayo. Loweli akashika tumbo.

"Hata nikiandika kwa Kiingereza?"

"Kwani tumbo linajua lugha?"

Kesho yake Loweli akaaga. Felicitas alimsindikiza mwenyewe hadi bandarini Bukoba, akasimama pale mpaka meli ilipopita kisiwa cha Musira. Aliporudi, Privatus alikuwa kibarazani na majirani, wakinywa lubisi, pombe ya ndizi, naye ulimi umeanza kulegea.

"Ta Privatus," alisema, "na wewe ulimeza. Una tumbo kama lake."

Privatus akawamiminia wageni.