Mtawa Asiye na Ukuta

Enzi za Mwingereza, kijijini kwetu Lusu tulikuwa na desturi ambayo hadi leo naililia: jioni kila nyumba ilitoa ugali wake uwanjani, na wanaume wakala pamoja. Mjomba wangu Raymundi, mrina asali, hakufika hata jioni moja. Alikula nyuma ya nyumba ya mama yake, Bibi Tekla. Ukimsalimu aliitikia kwa upole, kisha akangoja uondoke. Sisi watoto tulimpenda mno, maana hakutuuliza maswali ya shule.

Lakini kwetu, anayekwepa kula na wenzake huitwa mchawi, na watu wakishasema, lisemwalo lipo. Surua ilipoua watoto wa jirani, wanaume wakakusanyika kumfukuza mjomba.

Bibi Tekla akawafuata palepale. Akawauliza kama wamewahi kufika misheni ya Tabora, wakawaona masista wanaoishi ndani ya ua wao, hawaonekani ngomani wala harusini. Wakakiri wamewaona. Basi nao ni wachawi?

“Raymundi ni mtawa,” akasema. “Ila yeye hana ukuta.”

Mzee Shomari, fundi cherehani ambaye babu yake alikuja na misafara ya pembe akalowea, akamuunga mkono: hata kwao Waislamu, mtu akitawa na Mola wake huachwa. Wanaume wakatazamana, wakatawanyika. Bibi alilia kwa furaha, nami nikalia naye.

Kumbe tulifurahi mapema. Kesho yake akaja mama na mtoto mwenye homa, akitaka mtawa amwombee. Mjomba aliona haya kumkataa, akampa asali. Mtoto akapona. Basi wakaja wagumba, wakaja waliokosa mvua, wengine wakitokea Nzega kwa miguu. Nyuma ya nyumba pakawa gulio. Watu walewale waliotaka kumfukuza sasa walimng'ang'ania shuka, wakimwita mtawa wetu, na mjomba akakonda.

Kabla ya masika alifunga kamba zake za kupandia mizinga, akamuaga mama yake.

“Mama, nilipokuwa mchawi nilikula kwa utulivu.”

Bibi hakumbembeleza. Yeye aliyempigania asifukuzwe, ndiye aliyeingia ndani akamfungia unga wa njiani.