Mlisho Uliosahauliwa

Pale maktabani walimwita Kimya, maana aliweza kushinda siku nzima dawatini bila kusikika hata akifungua droo. Ya moyoni aliyamalizia kwenye blogu aliyoiandika bila jina.

Maktaba ilikuwa na wiki yake, tovuti ambayo kila mfanyakazi angeweza kuongeza na kusahihisha kurasa. Mkuu alipotaka iwe inavuta yenyewe habari za maktaba nyingine, kazi ikamwangukia Kimya. Aliweka programu-jalizi, programu ndogo ya nyongeza, ya kukusanya milisho ya nje, yaani habari mpya ambazo tovuti nyingine huzitoa zenyewe, akatafuta mlisho wa kujaribia. Anwani pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya blogu yake. Ikakubali mara moja. Kwa furaha akaongeza milisho ya maana, akasahau kuuondoa ule wa kwanza.

Kwenye kikao cha Jumatatu, projekta ikauonyesha ukurasa mpya. Juu kabisa: “Mama Katalogi na Kidole Chake.” Pembeni, programu ilikuwa imetaja aliyeongeza mlisho: Kimya.

“Enhe, hii nayo ya maktaba gani?” mkuu akauliza, akaibofya.

Mama Katalogi, mworodheshaji wao mkongwe wa vitabu, aliketi palepale, miwani puani. Ukutani ikasomeka kwamba anachapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa, kwamba anaifokea kompyuta kama mtoto mtukutu, na kwamba siku atakayostaafu kompyuta hiyo itafanya sherehe.

Dada wa mapokezi akapasuka kicheko. “Jamani, sherehe!”

“Na wewe utaalikwa, usijali,” Mama Katalogi akamjibu. Kisha akamgeukia Kimya. “Kumbe unasema, mwanangu.”

Kimya alitamani sakafu impokee.

Kikao kilipoisha alikimbilia kuuondoa mlisho. Ukaondoka, lakini makala ikabaki. Programu huinakili kila habari na kuifanya ukurasa wa wiki. Akaufungua aufute. Kumbe kuna aliyemtangulia. Historia ya ukurasa ilionyesha kwamba Mama Katalogi ameuhariri dakika chache tu zilizopita.

Kuku hakuguswa. Sherehe ilibaki. Mwishoni tu palikuwa na sentensi moja mpya: “Mwandishi alipokataliwa kazi hapa mara ya kwanza, mama huyu alirudi kwa mkuu kumwombea.”

Kimya hakuwa amelijua hilo. Siku zote alidhani walimwita tena kwa sababu ya alama zake za chuo.

Akauondoa mkono kwenye kitufe cha kufuta. Nyuma ya kabati alisikia kidole kile: ta, ta, ta. Akainuka. Kiti kikakwaruza sakafu, watu wakageuka. Akaenda hadi mbele ya dawati la mama.

“Mama,” akanong’ona.

Kidole hakikusimama. “Nakusikiliza, mwanangu. Ila paza sauti. Yale mengine wote wameyasoma.”

Kimya akaanza upya, safari hii kwa sauti iliyofika hadi mapokezi.