Wimbo wa Kunyweshea

Mgeni akifika Wajir siku hizi, na wanaofika ni wa kuhesabika, hupelekwa kwanza kwenye majengo meupe waliyoyaacha wakoloni, kisha makumbusho, kisha visimani. Visima ndivyo vilivyouzaa mji huu. Kabla ya ofisi na kambi za askari palikuwa na maji, na penye maji wakaja ngamia. Huko visimani, kwenye kisima kimoja cha kale kilichozungushiwa ukuta mpya, ndiko alikokuwa akikaa Aweys, kikoi kiunoni, ndevu zimepakwa hina, akingoja kuambiwa aimbe.

Tusidanganyane, kazi ile ilimchoma. Aweys alikuwa mfugaji, tena mfugaji wa ngamia, na kwa watu wake mwenye ngamia hainuki kwa kila anayempungia mkono. Lakini mvua zilikataa mwaka mmoja, zikakataa na mwaka uliofuata, na zizi likaisha mbele ya macho yake. Akabaki na jike mmoja tu, jina lake Suban.

Huyo Suban alikuwa mtoto wa Rukiyo, mkewe Aweys. Nasema mtoto na simaanishi utani. Mama yake alikufa akimzaa, na Rukiyo akamlea kwa maziwa ya mbuzi, chupa ya soda imefungwa kitambaa mdomoni, akamlaza kibandani kama binadamu. Mungu hakuwajalia wazee hawa mtoto aliyeishi. Basi mapenzi yote waliyokuwa nayo yalimwangukia ndama yule mwenye miguu mirefu.

Halafu Rukiyo akaugua figo. Hospitali ya maana iko Garissa, na Garissa haiendeki kwa dua peke yake. Aweys alimuuza Suban. Wachinjaji walimzunguka sokoni kama inzi, akawafukuza wote, akampa mfugaji mmoja wa pande za Hulugho aliyemwapia kwamba atamkama, hatamchinja. Rukiyo alipona. Siku aliyorudi nyumbani, hata maji hajanywa, aliuliza, "Suban yuko wapi?"

"Yuko Hulugho, anakamwa," Aweys akamjibu.

Jibu hilo ndilo lililowapa moyo. Chai ikikosa maziwa, Rukiyo alisema, "Hata hivyo mwanangu yuko hai," akainywa kavu. Hawakuwa na kingine.

Sasa hii habari ya kuimba. Watu wa huku kila ukoo una wimbo wake wa kunyweshea ngamia. Mtu hushuka kisimani, akachota, akamimina horini, na huku anaimba. Ngamia husikia wimbo wao wakaja, wa jirani wasisogee. Wimbo wa babake Aweys ulisema: njoo, maji yamepanda, nimekuchotea kwa mikono yangu, njoo unywe wa kwanza. Na babake alimfunza na sheria yake: usiuimbe hori likiwa tupu. Mnyama hajui kusoma wala kuapa. Wimbo ndio mkataba wenu. Ukimwita bure umemdanganya, na anayemdanganya mnyama wake hana baraka.

Kwa hiyo Idman, binti wa jirani anayetembeza wageni, alipomwambia, "Adeer," yaani ami, "wewe una sauti, njoo uwaimbie wageni kisimani," Aweys alikataa. Idman alikuwa mtoto mwema, hakumlazimisha. Akaja tena, na tena. Kile kisima cha kale kilikuwa kimekauka, kimebaki cha kutazamwa tu, na Aweys alilijua hilo vizuri. Lakini Waswahili walishasema njaa mwana malegeza. Alijituliza kwamba ngamia wake wamekufa wote, aliyebaki yuko mbali, basi atakayedanganywa ni nani? Akakubali. Akawa anateremsha ndoo kwenye kisima kikavu, anaipandisha tupu, anaimimina tupu, anaimba. Wageni wakapiga picha. Aibu ikawa inamkaa kifuani kila siku, lakini jioni Rukiyo alikula.

Asubuhi moja walikuja walimu kutoka Nairobi, watu wa heshima, wakakaa kimya kumsikiliza. Aweys alikuwa amefika pale pa "njoo unywe wa kwanza" aliposikia kelele barabarani. Kundi la ngamia lilikuwa linaswagwa kwenda kwenye malori, na jike mmoja alikuwa amechomoka, vijana wanamkimbiza kwa fimbo. Alikuja moja kwa moja. Mbavu zilikuwa nje, nundu imenywea, ubavuni ana alama ya moto mpya juu ya ile ya Aweys. Alipita katikati ya wale walimu kana kwamba hawapo, akainamisha shingo, akaingiza mdomo horini.

Hori lilikuwa kavu.

Suban alilamba simenti. Akanyanyua kichwa akamtazama Aweys, akainama akalamba tena. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze. Walimu walicheka kwa furaha, wakadhani ni sehemu ya maonyesho, na mimi siwalaumu, wangejuaje? Idman peke yake ndiye aliyeelewa. Alifunika uso kwa mtandio.

Aweys alichukua ndoo mbio, mzee yule mwenye magoti mabovu, akaenda kisima cha majirani kuomba. Wenyewe walimpa. Akamrudia akamnywesha, ndoo baada ya ndoo, bila kuimba. Alikuwa bado anachota alipofika mwenye kundi, mchuuzi wa mifugo aitwaye Mustafe.

"Mwanangu, huyu ameapiwa maziwa," Aweys akamwambia. "Nilimtoa kwa kiapo."

"Adeer, kiapo hicho sikukisikia," Mustafe akajibu kwa upole. "Hashiki mimba. Yule bwana alimuuza, mimi nikamnunua pamoja na wenzake. Wanaenda kuchinjwa Nairobi."

"Niachie. Nitakuchungia mifugo yako mpaka nife."

"Mifugo gani, adeer? Hawa ndio wa mwisho, na si wangu peke yangu. Lori halinisubiri."

Ndivyo ilivyo, mnyonge hana haki. Mustafe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma zaidi, maana mtu mbaya angalau unamlaani ukapumua.

Kwenye lori Suban aligoma. Alipiga magoti chini ya ule ubao wa kupandia, akatia mzizi. Vijana walimvuta kamba ya mdomo mpaka damu ikatoka, wakampinda mkia, wakampiga. Alilia. Aliyewahi kumsikia ngamia akilia anajua sauti ile haisahauliki. Aweys alikuwa amesimama kando.

"Adeer," Mustafe akamwambia bila kumtazama usoni, "wewe akikusikia atapanda. Hawa watamvunja mguu."

Aweys alifikiri, kama kufikiri ndilo jina lake. Akipiga moyo konde akanyamaza, watampandisha kwa fimbo. Akiimba, atampandisha yeye. Alivua viatu, akapanda ule ubao, akasimama ndani ya lori kwenye mavi na nyasi, akaanza. Sauti ilikatika mara ya kwanza. Akarudia. Njoo, maji yamepanda.

Suban aliinuka. Alipanda polepole, hakuna aliyemgusa, akaja mpaka kifuani pake na kuanza kutafuta ndoo mikononi mwake. Aweys alimshika shingo. Vijana walimfunga miguu huku yeye akiendelea kuimba, kisha wakamsaidia mzee kushuka.

Nyumbani alimkuta Rukiyo anapepeta mchele. Idman alikuwa ameshatangulia na habari. Mama yule macho yalikuwa yamevimba, lakini mikono haikuacha kupepeta. Aweys alikaa chini mlangoni.

"Walimpiga?" Rukiyo akauliza.

"Kidogo. Mwisho hawakumpiga."

"Ulimwimbia?"

"Nilimwimbia."

Rukiyo aliuweka ungo chini.

"Basi alijua ni wewe," akasema.

Tangu siku ile wageni wakifika kisimani, Idman huwaonyesha ukuta, akawaambia hapa zamani watu walikuwa wakiimba.