Bi Saa na mashine mbili zilizoitika jina moja

Saa mbili kasorobo asubuhi, amepiga magoti kwenye sakafu yenye majimaji ya kiwanda cha maziwa, kichwa kimezama ndani ya kabati la chuma, miguu iko nje. Ukipita haraka utadhani kabati linammeza. Sauti inatoka humo humo ndani: "Nipe koleo, tafadhali. Lile la kubania vichwa, si hilo la kukatia."

Mwandishi anampa koleo lisilo lenyewe. Kutoka kabatini kinasikika kicheko.

Kichwa anachokizungumzia ni kile kipande cha plastiki angavu kilicho mwishoni mwa waya wa mtandao wa kompyuta. Cha zamani kimeingia maji, anabadilisha. Ndani yake mna nyuzi nane za rangi mbalimbali, na kila moja ina mahali pake. Anazipanga kwa kidole gumba, anazisukuma, anabana. Anachomeka, na taa ndogo ya kijani inaanza kukonyeza.

"Umeona? Huyu kashaamka," anasema, akijifuta magoti.

Hapa kiwandani wanamwita Bi Saa. Ana miaka arobaini na tisa, na kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa moja tu: kila saa alizunguka mitambo kumi na minne akiwa na daftari, akisoma vipimo vya joto na ujazo na kuviandika. Mzunguko mmoja ni mita mia tisa. Kwa zamu ya mizunguko minane ni zaidi ya kilomita saba, ngazi za chuma zikiwemo. Wenzake wakimwona anapita walijua saa imegonga, na jina likanata.

"Viatu nilikuwa namaliza jozi tatu kwa mwaka," anasema. "Viatu unanunua vingine. Magoti ndiyo hayana spea."

Kila mtambo una kidhibiti chake, kompyuta ndogo ya kiwandani ambayo mafundi huiita PLC. Ndicho kinachoamua lini pampu iwake, lini vali ifunguke na lini moto upunguzwe. Vidhibiti vya hapa vina umri wa miaka ishirini na miwili na bado vinachapa kazi. Kasoro yao ni moja: ni mabubu. Kila kimoja kinajua habari zote za mtambo wake, lakini hakina njia ya kumwambia mtu aliye ofisini, wala jirani yake. Ndiyo maana Bi Saa alikuwa akitembea.

Udadisi ndio uliomponza, anatania mwenyewe. Siku moja, akifuta vumbi, aliona kila kidhibiti kina nafasi iliyozibwa kwa kifuniko cha plastiki. Akamuuliza fundi umeme wa zamu hapo ni pa nini. Akajibiwa kuwa ni pa kadi ya mtandao, ila hakuna aliyewahi kuinunua.

"Nikasema, kumbe hawa wana mdomo, ila wamezibwa! Siku ile nzima nikawa naandika vipimo huku akili iko kwenye kile kifuniko."

Akajiandikisha masomo ya jioni ya umeme. Akaomba kitabu cha maelekezo cha vidhibiti hivyo, kurasa mia mbili na arobaini, na binti yake aliyeko sekondari akawa anamsaidia pale lugha ilipokuwa ngumu.

Mwaka huu meneja alitangaza mpango wa kung'oa vidhibiti vyote na kuweka vipya. Kiwanda kingesimama siku ishirini, na katika mfumo huo mpya hapakuwa na nafasi ya msoma vipimo. Bi Saa angemwaga unga akiwa amebakiza miaka sita tu astaafu.

Hakukaa kusubiri. Alibisha hodi kwa meneja akaomba anunuliwe kadi kumi na nne na kebo, ajaribu kuviunganisha vidhibiti vya zamani kwa Ethernet, mtandao ule ule wa waya unaounganisha kompyuta maofisini. Namba zote zingesomeka kwenye skrini moja, bila kung'oa hata kimoja.

"Nilimwambia, dada, unajua unachokiomba? Ukifaulu, kazi yako ya kuzunguka inakufa," anakumbuka meneja. "Akanijibu, bosi, inakufa kwa vyovyote. Afadhali niiue mwenyewe."

Meneja akampa mwisho wa juma mmoja, mitambo ikiwa imezimwa kwa usafi, kisha siku tano za majaribio. Siku hizo tano angezunguka na daftari kama kawaida, na namba zake zilinganishwe na za kwenye skrini. Zikipishana, mpango wa kung'oa unaendelea.

Kabla ya kuzima chochote, alinakili programu ya kila kidhibiti kwenye laptop. "Betri za ndani zimechoka. Ukizima bila kunakili, kinaamka kimesahau kila kitu, hadi jina la pampu."

Halafu akaketi mezani na kuipa kila kadi anwani, yaani namba ambayo kompyuta itaitumia kukiita kidhibiti hicho na si kingine. Anwani zote zinafanana mwanzo, zinatofautiana mwisho tu: mtambo wa kwanza unaishia na moja, wa pili na mbili, hivyo hivyo hadi kumi na nne.

Siku ya kwanza namba zililingana. Ya pili pia. Mtambo wa kumi na moja peke yake ulikuwa bado, kwa kuwa kebo yake ilipungua mita nne na nyingine ikachelewa kufika. Ulichomekwa asubuhi ya siku ya tatu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mtambo wa kumi ndio unaopasha maziwa moto ili kuua vijidudu. Skrini ilisema joto lake ni nyuzi sabini na mbili, kama inavyotakiwa. Mara ikasema nne. Mara sabini na mbili. Mara nne tena. Mtambo wa kumi na moja wenyewe haukuonekana kabisa.

Injinia wa kampuni ya kuuza vidhibiti vipya alikuwa pale siku hiyo, amekuja kupima vyumba. "Vyuma chakavu hivi, mama," akamwambia Bi Saa. "Vimeelemewa." Mwendesha mtambo wa kumi akapigiwa simu, akajibu kwamba kipimo kilicho mbele ya macho yake ni sabini na mbili na hajaona nne yoyote. Meneja alikuna kichwa. Injinia akafungua faili la mkataba.

"Mimi faili sikuliangalia," anasema Bi Saa. "Nilikuwa naikodolea macho ile nne. Nikasema, wewe nakujua."

Kwa miaka kumi na saba aliiandika nne mahali pamoja tu: kwenye tangi la kupoozea maziwa. Mtambo wa kumi na moja.

"Haikuwa namba mbovu. Ilikuwa namba sahihi ya mtu mwingine."

Akampigia mwendesha mtambo wa kumi na moja, akamwomba achomoe waya wa mtandao kwenye tangi la kupoozea. Nne ikapotea. Sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na mbili. Waya ukarudishwa, nne ikarudi.

"Wajina," akamwambia meneja. "Hawa wawili ni wajina. Ukiita kumi, wanaitika wote."

Ila nani aliyewapa jina moja? Akaondoka na daftari lake hadi pembeni, akafungua ukurasa wa anwani.

Wasoma vipimo wana mazoea yao. Kipimo kisipobadilika hawarudii kuandika namba. Wanachora vistari viwili vifupi, maana yake "kama hapo juu". Bi Saa ameandika vistari hivyo mara zisizohesabika. Orodha ya anwani aliiandika kwenye daftari lile lile, kwa mkono ule ule, namba za mwisho tu, moja chini ya nyingine. Chini ya 10 aliandika 11. Alipofika kuiingiza kwenye kadi, macho yake yakaona vistari viwili. Kama hapo juu. Akaipa kumi.

Mwandishi ameonyeshwa ukurasa huo. Kwa haki ya Mungu, hata mwenye miwani mipya angekosea.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kurekebisha kimyakimya na kusingizia kebo. "Nilifikiria, sitaki kukuficha. Kosa la mkono wangu mbele ya yule injinia, na kazi yangu iko mezani! Lakini zile ni namba za maziwa ya watoto wa watu. Nikaliweka daftari wazi mbele ya meneja."

Meneja anasema alitaka kukasirika, akashindwa. "Yule injinia alikuwa tayari kunifungia kiwanda siku ishirini kwa sababu ya vistari viwili. Huyu ameliona kosa lake mwenyewe kabla chai haijapoa."

Marekebisho yalichukua dakika kumi. Siku ya nne na ya tano, mitambo yote kumi na minne ililingana na daftari. Ijumaa mchana meneja akatia saini: vidhibiti vya zamani vinabaki. Karatasi hiyo hiyo imefuta cheo cha msoma vipimo kuanzia mwezi ujao na kuweka cheo kipya, mwangalizi wa mtandao wa mitambo. Ni cha Bi Saa, kwa sharti moja: awe na cheti cha umeme kabla mwaka haujaisha. Asipokipata, anatafutwa mwingine.

Mtihani uko wiki sita mbele. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, binti yake anashika kitabu na kuuliza, mama anajibu. Katika mtihani wa kwanza wa majaribio alipata alama thelathini na nane. Wa pili, hamsini na saba. Kufaulu ni sitini.

"Mama majibu anayajua," binti anamshtaki. "Tatizo anabishana na maswali."

"Yana makosa, nisibishane?" Bi Saa anacheka, kisha anauangalia mkono wake uliochubuliwa na milango ya makabati. "Zimebaki tatu. Mashine za miaka ishirini na miwili zimekubali kuongea na mimi. Alama tatu zinikatalie?"