Fundo Chini ya Boneti

Yanayosemwa mtaani, kwamba fundi wa gereji ya nyuma ya kiwanda cha matofali alifunga breki ya gari la mama yake mzazi kwa kipande cha mpira kisha akamwacha apande humo, ni uongo. Umetembea miaka mingi kwa sababu aliyesingiziwa hakutaka kuukanusha. Sasa amelala kaburini, hawezi kujitetea. Mambo yalikuwa hivi.

Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makali. Gari likiingia uani hakuuliza lina nini. Aliinua kidole kumnyamazisha mwenye gari, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kwa hiyo walimwita Sikio, na jina hilo lilimpendeza kuliko alivyokiri.

Asubuhi ile lililoingia lilikuwa gari la nyumbani, lile kuukuu aliloliacha baba yake. Aliyeliendesha ni mdogo wake, muuza vitambaa, ambaye kwa papara zake watu walimbatiza Kasi. Nyuma aliketi mama yao, mkoba mapajani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na bingwa wa macho aliyepita katika hospitali ya bondeni alikuwa anafunga kazi siku hiyohiyo. Wakimkosa, ni mpaka mwakani, na mwakani huenda pasingekuwa na cha kutibu.

Kwenda bondeni kulikuwa na njia moja tu, mteremko mrefu wenye kona kali.

"Kaka, nitazamie chapchap," Kasi alisema, injini bado inawaka. "Linahema."

Kweli lilihema. Limesimama, hakuna aliyekanyaga mafuta, lakini mngurumo ulipanda kama wa mtu aliyechokozwa, ukashuka hadi karibu kuzimika, ukapanda tena. Boneti nzima ilitetemeka.

"Umegusa skrubu ya kabureta?"

"Kidogo tu. Lilikuwa linazimika kila nikisimama."

"Kidogo chako nakijua."

Sikio alichukua bisibisi, akairudisha skrubu mahali pake. Injini ikakohoa, ikazima.

"Haya, umeliua!" Kasi akapiga usukani. "Lilikuwa linatembea, wewe umeliua!"

"Nimelivua koti tu, mdogo wangu. Ugonjwa ulikuwa chini yake. Washa."

Watu walianza kusogea. Wa kwanza alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, mama mmoja aliyejulikana kama Redio, kwa kuwa hakuzimwa. "Jamani Fundi, mama wa watu atapofukia humo garini mkibishana!"

"Jirani, kazi ya ufundi haina mashabiki," alijibu mke wa Sikio, aliyekuwa amesimama mlangoni pa gari akimkinga mama mkwe na jua. Redio akacheka, lakini hakuondoka.

Kasi aliwasha, akaishikilia injini isizime kwa kukanyaga mafuta. Sikio alichomoa waya za plagi, moja moja. Kila alipochomoa injini ililalamika, maana yake plagi zote zilifanya kazi. Akafungua chujio la hewa na kuuziba nusu mdomo wa kabureta kwa kiganja. Injini yenye afya ingebanwa pumzi. Hii ilitulia.

"Inakunywa hewa ya wizi," alisema. "Kuna mahali panavuja."

"Wapi?"

"Ningejua ningekuwa bado natafuta?"

Alimwaga maji ya sabuni kwenye viungo vya kabureta, akitazama kama injini itabadilika. Wapi. Akarudia upande wa pili. Wapi. Jasho lilimwingia machoni. Alijua akikosea kuna mawili: mama akose daktari, au mama ashuke mlima ndani ya gari ambalo yeye, mwanawe na fundi, ameliruhusu.

"Mwanangu," mama aliita, "tuondoke tu. Mungu yupo."

"Yupo, Mama. Lakini aliniachia spana nami."

Kasi uvumilivu ulimwisha. "Pandisha skrubu twende!" akafoka, akaukita mguu chini kwa hasira. Injini ikayumba ghafla, mngurumo ukabadilika.

Sikio akainua kidole. Wote wakanyamaza, hata Redio.

"Umekanyaga nini?"

"Breki. Kwani vipi?"

"Kanyaga tena. Achia. Tena."

Kila mguu uliposhuka, injini iliyumba. Upo mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bakuli jeusi linaloipa breki nguvu. Ukivuja, injini huhema na breki huwa nzito kama jiwe. Sikio akapitisha mkono nyuma ya injini, pasipoonekana, akaupapasa.

Ulikuwa umepasuka. Na juu ya mpasuko palifungwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kimezungushwa vizuri na kukazwa kwa fundo dogo, bapa, ncha zake zimefichwa ndani. Sikio hakuhitaji kuliona. Ni fundo la kufungia magodoro. Pale nyumbani, kwenye magodoro ambayo mama aliyashona, yaliyowalisha na kuwasomesha, walilijua watu wanne tu: yeye, mdogo wake, mkewe, na aliyewafundisha.

Kasi hakuwahi kufunga fundo likakaza. Mke hakuwahi kufungua boneti.

Sikio aliinua macho. Kwenye kiti cha nyuma, mama alikuwa amegeuzia uso dirishani, dirisha ambalo hakuweza kuona kitu kupitia kwake, na vidole vyake vimeukumbatia mkoba.

"Nini?" Redio alishachungulia. "Kamba? Nani kafunga kamba kwenye breki?"

Kasi alifumbua mdomo. Sikio akamwahi.

"Mimi," alisema. "Nilifunga kwa muda, nikasahau."

Mkewe alimtazama. Alijua kwamba kabla ya asubuhi ile mumewe hakuwa ameligusa gari lile tangu msiba wa baba yao.

Sikio akakata mpira mzima kutoka gari bovu lililolala uani, akaufunga kwa klempu, pete ya chuma ya kukazia, akaisawazisha skrubu. Injini ikatulia, ikanguruma sawasawa. Akaijaribu breki kwa mguu wake mwenyewe, mara nyingi kupita kiasi, kisha akamwambia Kasi ashuke. Bondeni aliendesha yeye. Walimkuta daktari akikunja koti, akalivaa tena.

Mama aliona mpaka mwisho wa maisha yake. Sikio alipoteza wateja, maana Redio alikuwa na la kusimulia: fundi gani huyo, mama yake mwenyewe kamfungia kamba?

Basi ieleweke kwamba hakufunga yeye. Aliyefunga, mkewe anamjua. Hasemi, na asiulizwe tena.